Somo Hataniuliza Tena Kama Tumeshakula

Siamini bado, jamani. Asubuhi nimepigiwa simu kutoka Msimbati. Nikamwambia mpigaji arudie, akarudia, na moyo umekataa. Hamisi mwenzangu amefariki.

Ninyi mnaonifuata humu mtandaoni wengi hamumjui. Mimi naye tuna jina moja, kwa hiyo tuliitana somo tangu tukiwa wavulana, miaka ya sitini. Alikuwa na kifafa.

Tulikuwa vibarua kwenye godauni la korosho Mtwara mjini. Anabeba gunia huku anamtania supavaiza, "Bosi, kati yako na hili gunia nani mzito?" Hata supavaiza mwenyewe alicheka.

Mchana tulikula sinia moja, ugali wa muhogo na kisamvu. Siku alipoanguka hapohapo tunapokula, wenzetu walinyanyua sinia wakaenda kula nje. Walisema povu likikugusa, na wewe utaanguka.

Nilimgeuza ubavu, nikakaa naye. Alipozinduka, mdomo umejaa vumbi, hakuuliza kilichompata. Aliuliza, "Somo, mmeshakula?"

Nikamjibu, "Bado. Tunakusubiri wewe."

Tukala wawili, matonge niliyoyaomba kwa mama mpishi.

Tangu siku hiyo akawa anapakuliwa kwenye bakuli lake, limepakwa rangi nyekundu ili lisichanganywe na vyombo vingine. Utani ukaisha. Kifafa kilichokuwa kinamtikisa kidogo na kupita, sasa kilimbwaga mpaka anajing'ata ulimi.

Akaniambia, "Nikicheka nanyi kinakuja kidogo, somo. Nikila peke yangu kinakuja na hasira." Nilidhani ni maneno ya uchungu tu.

Mganga akamfukiza, haikusaidia. Kazi ikaisha. Wazee wa mchumba wake, kule Mpapura, wakarudisha mahari. Akaenda zake Msimbati, nami nikaja huku Tanga kwenye mkonge. Nimezeekea huku, mgongo umekwisha, nyumba sina.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kwa ajili ya huo mgongo, nikamuuliza daktari habari za somo. Akasema kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa serotonini. Inahusika na furaha na usingizi, na wataalamu wanachunguza kama ikipungua kifafa nacho kinakuwa kikali zaidi. Akasema bado wanatafuta. Ila povu haliambukizi mtu, hilo halina ubishi.

Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Nilikuwa naliona lile bakuli.

Nilipanga kumwambia ana kwa ana, Idi hii: somo, huenda ulikuwa sahihi. Yale hayakuwa maneno ya uchungu tu. Sikutaka kuyasema kwenye simu. Sasa nimwambie nani?

Ameanguka jikoni kwake, peke yake, kifudifudi. Hakuoa, hakuwa na mtu ndani wa kumgeuza.

Wamemzika mchana. Mpwa wake anasema watu wamejaa, na muda huu wanakula, sinia moja watu watano. Watu wengi hivyo kwenye chakula chake. Yeye hayupo.

Msiniambie nijikaze. Sina cha kujikaza nacho.

Somo, leo kaburini wamekulaza ubavu, vizuri, kama nilivyokuwa nikikulaza mimi. Lala salama hivyohivyo, ndugu yangu.

Na ukiniuliza, mimi bado sijala.