Jirani anayemshuku ndiye mwenye ufunguo wake

Saa tisa kasoro dakika tano mchana, Bi Sharifa Hoza anapiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kuchungulia uvunguni mwa kitanda kisicho chake. Anavuta ndoo, anaifunua, anairudisha. Anasimama, anafungua kabati la vyombo, kisha anabonyezabonyeza gunia la mahindi kona zote nne.

Mwenye nyumba, Mwanaidi Singano, amekaa kwenye kigoda akimtazama. Mbele yake kuna meza ndogo, daftari lenye jalada la bluu na kitabu cha Hisabati kilichobanduka mgongo.

"Simu," anasema Bi Sharifa, mkono mbele.

Mwanaidi anampa. Bi Sharifa anaifutika kiunoni ndani ya khanga, anatoka nje, anavuta mlango na kubana kufuli. Analitikisa mara mbili kuhakikisha. Halafu anaketi kwenye jiwe lililo kando ya ukuta, anajiwekea ungo mapajani na kuanza kuchambua maharage.

"Mpaka saa kumi na moja," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Na usizunguke nyuma ya nyumba. Nitakuona."

Huu ni utaratibu wa kila siku, isipokuwa Ijumaa, katika kitongoji kimoja cha Shume, juu kabisa katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Jina la kitongoji tunalihifadhi kwa ombi la wakazi, ambao hawakuficha kwamba hata mwandishi wanamtilia shaka.

Na mwandishi naye alikuja na shaka zake. Alisikia habari za mwanamke anayejifungia ndani mchana kweupe na kuandika majina ya watu. Kazi hii humfundisha mtu kutoamini upesi, hasa anapoambiwa kuwa mtu anajifungia kwa ajili ya kusoma tu.

Asubuhi ya siku hiyo alimkuta Mwanaidi, mwenye umri wa miaka 39, kwenye kitalu cha miche anakofanya kibarua. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya lundo la udongo mweusi, akijaza viriba, yaani vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche, kisha akivipanga wima bega kwa bega. Kiwango cha siku ni viriba mia sita. Ujira haufiki shilingi elfu kumi, na vidole vyake vimepasuka kwa baridi na unyevu.

"Naingia saa moja, natoka saa nane," alisema bila kuinua kichwa. "Saa tisa niwe mezani. Hapo katikati napika, naoga, basi."

Alipoulizwa anasoma kwa ajili ya nini, alijibu kwa mkato. Aliacha shule akiwa kidato cha tatu, mwaka ambao baba yake alivunjika nyonga na shamba la viazi likakosa mtu. Sasa anataka cheti cha kidato cha nne ili aombe nafasi ya kusomea misitu, arudi awe msimamizi wa kitalu badala ya mjaza udongo.

"Miche naijua," alisema. "Nikiangalia jani la mche wa msindano naweza kukuambia limekosa nini. Lakini anayeandika kwenye ripoti ni mwingine, mimi namwelekeza kwa mdomo. Miaka kumi na moja namwelekeza kwa mdomo."

Mwaka juzi alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya mtihani na kufaulu masomo mawili tu kati ya manne aliyohitaji. Hamlaumu mtu. Anasema aliisoma simu kuliko vitabu: kundi la vikoba, kundi la harusi ya binamu, kundi la wazazi wa shule. Na kila akifungua kitabu, mtu alikuwa mlangoni.

Mwandishi akaomba kuliona daftari. Mwanaidi akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Daftari langu halihusu gazeti," alisema.

Jibu hilo lilimfanya mwandishi aende moja kwa moja kwa msimamizi wa kitalu, Aron Shekigenda, kumuuliza kama kweli mwanamke huyu hutumwa kuandika majina ya wanaokata miti msituni kwa wizi.

"Hata wewe umeambiwa hivyo?" Aron alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hapana. Hajawahi kuniletea jina la mtu. Lakini nikisema hivyo kijijini nani ataniamini? Mimi ndiye bosi wake."

Ni kweli. Hata mwandishi hakumwamini moja kwa moja.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili ni lazima mtu ajue habari ya mlango. Huku Shume, mlango wa nyumba yenye mtu haufungwi mchana. Unaegeshwa tu kuzuia baridi. Anayepita hupiga hodi, akikaribishwa huingia, hupewa kigoda na salamu ndefu ya Kishambaa inayouliza habari ya kila aliye hai nyumbani kwake. Hodi hupigwa mara tatu. Kama hakuna jibu, mgeni anajua hakuna mtu. Mwenye kuwemo ndani akanyamaza ama ni mgonjwa hoi, ama ana la kuficha.

Februari mwaka huu, Mwanaidi alianza kujifungia kwa komeo la ndani kuanzia saa tisa. Hodi zilipigwa, hakuitika. Aliamini angeitika moja angeitika zote.

Mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Korogwe na hurudi mwisho wa mwezi, hivyo maneno ya kwanza yalikuwa ya mwanamume. Yakafuata ya uganga. Machi, walinzi wa msitu walipowakamata watu wanne na magogo, maneno yakapata mguu wa kusimamia. Watoto walichungulia kwenye upenyo wa dirisha wakamwona akiandika. Kitalu anachofanyia kazi ndicho kinachopeleka miche msituni. Watu wakajumlisha wenyewe.

Wiki hiyohiyo aliamka akakuta miche yake ya kabichi, sitini kwa idadi, imeng'olewa yote na kulazwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, mizizi juu. Aliyefanya hivyo hajajulikana mpaka leo.

"Si mimi," anasema Bi Sharifa, akitupa kijiwe kutoka kwenye ungo. "Ningekuwa mimi, ningeibeba nikapande kwangu."

Lakini anakiri kuwa yeye, mwenye miaka 64 na nyumba inayotazamana na ya Mwanaidi, ndiye aliyeyasema maneno yale kwa sauti kuliko wote. "Mtu anayeswali alasiri humohumo ndani, peke yake, mlango umefungwa, unafikiri nini? Nilisema. Na bado nasema."

Halafu ikaja siku ya Aprili.

Hezekia Shemahonge, mkulima wa karoti na jirani wa nyumba ya chini, alifiwa na mama yake mchana. Mwili ulikuwa bado na joto. Kwa desturi, jirani wa kike wa karibu ndiye huitwa kwanza kuja kukaa na maiti wakati wanaume wanakwenda kutoa taarifa. Hezekia alikwenda kwa Mwanaidi. Akapiga hodi mara tatu, akangoja, akaondoka.

Mwanaidi alikuwa ndani. Alimsikia.

"Sikujua ni msiba," anasema. "Hakusema, alipiga hodi tu. Huku kwetu habari ya kifo haipigiwi kelele mlangoni. Nilikuwa kwenye swali la tano la milinganyo. Nikajiambia, nikimaliza nitamfuata."

Alipotoka saa kumi na moja, alikuta kitongoji kizima kiko kwa Hezekia isipokuwa yeye, mwenye nyumba iliyo hatua arobaini kutoka pale. Aliingia, akapita kati ya watu, akakaa chini. Hakuna mwanamke aliyesogea kumpa nafasi. Tangu siku hiyo Hezekia hamwitikii salamu.

Hapo mwandishi alimuuliza swali alilokuja nalo tangu mjini: je, hiyo ni nidhamu au ni roho ngumu tu?

"Siku ile ilikuwa roho ngumu," alisema Mwanaidi. "Nisikudanganye."

Wengi walitegemea angeacha kusoma. Hata yeye alifunga vitabu kwa siku tisa. Siku ya kumi alivuka njia, akaenda kwa Bi Sharifa, akamwamkia shikamoo na kuweka kufuli jipya na ufunguo wake miguuni pa bibi huyo.

Maneno aliyosema kila mmoja anayakumbuka kwa namna yake, lakini yalikuwa hivi: Mama, wewe unasema naficha kitu. Njoo kila siku upekue nyumba yangu, unifungie kwa nje, simu ukae nayo. Atakayepita ataona kufuli, hatapiga hodi. Kukiwa na msiba au mgonjwa, utajua, utanifungulia. Saa kumi na moja nitoe.

"Nilidhani ni mtego," anasema Bi Sharifa. "Siku tatu nilikataa. Kisha nikaona, nikikataa nitajuaje anachoficha?"

Kwa nini hakumpa ufunguo rafiki? Mwanaidi ana dada, binti wa mama yake mdogo, Glory, anayempenda na kukaa naye karibu.

"Glory nilimjaribu mwanzoni, kabla ya komeo," anajibu. "Siku ya pili nilimwambia kichwa kinauma, akanifungulia. Siku ya nne tulikunywa chai mpaka jioni. Rafiki anakuhurumia. Bi Sharifa hanihurumii hata chembe. Nikimwambia kichwa kinauma anasema, 'Mh! Kwa nini leo?' Anapanda juu ya kiti kuchungulia darini."

Tangu Aprili mpaka sasa, Septemba, Bi Sharifa hajakosa siku. Alikuja na homa. Alikuja siku ya mvua kubwa akakaa chini ya upenu na gunia kichwani. Dirisha la nyuma lina komeo la ndani kwa ajili ya hatari ya moto, na kila siku, kabla ya kufunga mlango, Bi Sharifa hutandaza majivu laini chini yake ili aone kama kuna mguu uliopita. Mwandishi alionyeshwa majivu hayo. Hayakuwa na alama.

Saa kumi na moja kamili kufuli linafunguliwa. Mwanaidi anatoka, macho mekundu, anajinyoosha mgongo.

Bi Sharifa hakuondoka kama ilivyo kawaida yake. Alimgeukia mwandishi na kusema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mimi sijui kusoma. Mjukuu wangu alinisomea lile daftari akasema ni hesabu tupu. Mtoto anaweza kudanganywa. Wewe umesoma. Nisomee lote, mwanzo mpaka mwisho."

Mwanaidi alisita. Kisha akaleta daftari. Kurasa za mbele zilikuwa milinganyo, michoro ya mizizi na majani, na tarehe juu ya kila ukurasa. Mwandishi, kwa tabia ya kazi yake, akaligeuza na kulifungua kwa nyuma.

Kulikuwa na majina.

"Nilijua!" Bi Sharifa alisimama, maharage yakamwagika. "Nilisema mimi! Soma!"

Mwandishi akasoma. Dotto, saa tisa na robo. Mama Tobia, saa kumi. Sharifa, saa kumi na nusu. Sharifa, saa tisa na dakika ishirini. Sharifa. Sharifa. Yalikuwa majina ya watu waliopiga hodi kati ya Februari na Aprili, ambao Mwanaidi aliwatambua kwa sauti. Kando ya karibu kila jina palikuwa na alama ya vema.

"Ni wa kwenda kuwasalimu nikitoka," alisema Mwanaidi kwa sauti ya chini. "Nisisahau mtu. Alama ni kwamba nimeshakwenda."

Bi Sharifa alihesabu kwa vidole mara ngapi jina lake lilitajwa, akaacha njiani. Ni kweli, alisema baadaye, kwamba jioni zile Mwanaidi alikuwa akija kwake kumsalimu, na yeye alidhani anakuja kupeleleza.

Jina la mwisho kwenye orodha ni Hezekia, saa tisa na nusu. Limeandikwa mara tatu, moja kwa kila hodi. Halina alama ya vema. Kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Je, sasa Bi Sharifa anamwamini? "Simwamini," anasema, akiokota maharage. "Karatasi ni karatasi. Mtihani ni Novemba. Akifaulu nitaona kwa macho. Akifeli, miezi yote hii nilikuwa nafungia nini?" Kesho yake, mwandishi aliambiwa kwa simu, Bi Sharifa alifika saa tisa kasoro dakika kumi na akapekua gunia la mahindi kama siku zote.

Jioni ile ya daftari, Hezekia alipatikana shambani akipalilia karoti. Alisikiliza habari ya orodha mpaka mwisho bila kuweka jembe chini.

"Kwa hiyo alinisikia," alisema.

Alipalilia tuta zima kabla ya kuongeza neno. "Nilipiga hodi mara tatu kwake. Mwambie amalize huo mtihani wake. Akimaliza, na yeye aje apige hodi tatu kwangu. Nitakuwepo ndani."

Hakusema kama atafungua.

Mwanaidi alipofikishiwa ujumbe huo alikuwa anakwenda kuteka maji. Alitua ndoo. Amejiandikisha masomo mawili yaliyobaki, alisema, na siku ya karatasi ya mwisho atashuka kutoka kituo cha mtihani na kupita kwa Hezekia kabla ya kufika nyumbani kwake mwenyewe.

"Nitapiga tatu," alisema. "Asipoitika nitakaa pale mlangoni mpaka saa kumi na moja."