Siku ya Kuokoka

"Uliokoka lini?"

Mzee wa kanisa aliuliza kwa upole, kama anayekuuliza utakunywa chai au uji. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama mbele ya wazee waliotuhoji kabla ya ubatizo. Aliyenitangulia alijibu bila kusita: kambi ya vijana, Agosti, Ijumaa jioni. Mwingine aliokoka kwenye matanga ya nyanya yake. Mimi sikuwa na siku. Nilikuwa nikiomba kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nani anakumbuka siku aliyoanza kumpenda mama yake?

Nikasema, "Sijui."

Mama mmoja kwenye benchi la nyuma akacheka. "Kwani kwenu wokovu mnarithi kama shamba?"

Wote wakamgeukia baba yangu, maana ndiye aliyekuwa pasta. Nami nikamgeukia. Ningetosheka na neno moja tu, kwamba huyu mtoto namjua. Baba alikuwa na siku yake, na hakuna aliyekosa kuijua: Alhamisi, mkutano wa injili uwanjani Machakos, kijana mkaidi ameenda kuwazomea wahubiri, akarudi nyumbani akilia. Aliisimulia madhabahuni mara nyingi hivi kwamba waumini walikuwa wakimmalizia sentensi.

Akafunga Biblia yake. "Akae kwanza," akasema. "Mwaka ujao."

Basi wenzangu walipozamishwa kwenye bwawa, mimi nilikuwa ukingoni nimewashikia taulo. Binti wa pasta, mshika taulo. Waliopita walinitazama kama gari jipya lililokataa kuwaka.

Baada ya hapo nikaanza kuisaka siku. Kila mhubiri mgeni alipoita watu mbele, mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Nilifumba macho nikangoja kitu kinipige. Hakuna kilichonipiga. Nyuma yangu akina mama walinong'onezana, "Leo tena?" Nje ya kanisa hali ilikuwa ileile. Mtoto wa jirani akifeli hesabu, amefeli hesabu. Mimi nikifeli, ni mtoto wa pasta aliyefeli, na lazima kuna kitu nyuma yake. Mwishowe niliwaamini. Wengine walikuwa wamepewa kitu, mimi nikarukwa, na kama hata Mungu alinipita, sikuona mtu mwingine angenitaka wa nini.

Mwaka uliofuata nilijibu vilevile, na baba akasema vilevile. Mwaka wa tatu sikwenda. Hakuniuliza kwa nini.

Chuoni nilijifunza kuuliza maswali, na nikirudi nyumbani namuuliza baba yote: fungu la kumi, wanawake kunyimwa madhabahu, vita vya Agano la Kale. Tunabishana mpaka chai inapoa. Lakini swali moja, lile la wazee, hatukuwahi kuligusa.

Mwaka jana, baba akiwa mazishini Kathiani, nilikaa na mama nyuma ya jikoni tukimenya mbaazi. Uchungu ukanipanda bila sababu ya maana. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, mtu aliye na siku yake kamili, mpaka uwanja anaukumbuka, alishindwaje kunitetea mimi mbele ya wale wazee?"

Mama hakusimamisha mikono. Alisema kwamba baba alipotaka kuwa pasta, wazee wa wakati huo walimuuliza swali lilelile, naye akasema hajui. Wakamrudisha nyumbani. Yeye na baba walikuwa wamechumbiana tayari, na baba asipopewa kanisa la kuchunga hapangekuwa na harusi.

Nikamuuliza ile Alhamisi ilitoka wapi, basi.

"Ile Alhamisi ni yangu," akasema. "Mimi ndiye nilienda kuzomea. Nilimpa, ndio apate kanisa."