Kurasa za Dada Shuka

Sisi tuliokulia Karatu miaka ile Uhuru ulipokuwa ukinukia, tulikuwa watu wa kutumwa. Ukitoka shule miguu imelowa umande, hujamaliza hata bakuli la makande, unasikia, "Haya, kimbia dukani, na usicheze rede njiani!" Watoto wa siku hizi ukiwatuma wanakuuliza kwanza kwa nini asitumwe mwingine.

Kuna mwaka mmoja tuliugombania utumwa huo. Nadhani ulikuwa mwaka wa sitini. Nimemuuliza mama, anasema ni ule wa mahindi mengi, lakini kwa mama kila mwaka ulikuwa wa mahindi mengi au wa njaa, kwa hiyo sina uhakika. Mzee Nassoro, mwenye duka pale barabarani, alifungia sukari, chumvi na tumbaku kwa karatasi yoyote aliyoipata, na mwaka huo alipata sanduku la magazeti lililoachwa na Wazungu waliokuwa wakienda Kreta kutazama wanyama. Humo mlikuwa na kitabu cha picha, naye akawa anakichana ukurasa mmoja mmoja.

Kitabu kilimhusu mwanamke aliyeruka angani bila mabawa, mgongoni amefunga shuka jekundu kama la Wamasai. Tukamwita Dada Shuka. Kiingereza chetu cha darasa la nne kilikuwa kalamu, kiti na dirisha, basi tulisoma picha, nazo zilikuja ovyo, kwa mpango wa mahitaji ya jikoni. Chumvi ya kina Paulo, jirani zetu, ilimleta Dada Shuka akiwa gerezani, analia. Sukari yetu ilimleta akitoka kwenye nyumba inayowaka moto, kakumbatia mfuko.

"Mwizi huyo," akasema Paulo. "Kachoma nyumba, kaiba."

Marselina peke yake alikataa. Alikuwa rafiki yangu, anakaa njia ya Buger, mwenye akili kuliko sisi sote. "Mnamfunga mtu kwa karatasi mbili?" aliuliza. "Ya katikati mmeiona?"

"Wakili wa wezi!" tukamzomea.

Kisha tumbaku ya babu ikaleta ya katikati. Mfuko ule ulikuwa mtoto mchanga, kaviringishwa blanketi. Dada Shuka alikuwa akimwokoa. Tuliona aibu, kwa muda mfupi kama waonavyo aibu watoto. Sasa kila mtu alitaka kujua kama atafunguliwa. Zilibaki kurasa chache juu ya kaunta.

Jumamosi moja zikapotea. Nilikuwa mlangoni pa duka na chupa ya mafuta ya taa, Marselina anatoka, nikamwona akisukumia kitu ndani ya sweta. Muda mfupi baadaye Mzee Nassoro akapiga kelele, "Kitabu changu kiko wapi? Nani amechukua?"

Leo nikiandika haya najiuliza: ni kweli kelele zilifuata? Au zilitangulia, Marselina akiwa bado ndani? Nimeipanga siku ile kichwani mara nyingi hata siujui tena mpangilio wake wa kwanza.

Mzee Nassoro alipeleka malalamiko kwa Mwalimu wetu, naye akaniita mchana huohuo. "Ulimwona Marselina au hukumwona?"

"Nilimwona, Mwalimu. Aliweka kitu ndani ya sweta."

Sikusema uongo. Mama alituambia daima, "Sema ulichokiona, usiongeze." Sikuongeza. Ila hakuna aliyeniuliza kama mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa inanyesha, ile ya rasharasha na ukungu, na kila mtoto wa Karatu aliyebeba sukari ya karatasi wakati wa mvua aliiweka kifuani isiyeyuke. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kila mara. Kwa nini nilijua jambo hilo siku zote isipokuwa siku ile?

Jumatatu asubuhi Mwalimu alifuta jina la Marselina kwenye orodha ya mtihani wa kwenda darasa la tano. Baba yake, katekista, akasema mwizi hatasoma kwa jasho lake, akamrudisha shambani. Baada ya mavuno Mzee Nassoro alisogeza magunia ya chumvi, akakikuta kitabu kimeanguka nyuma yake, kimetafunwa na panya. Mzee wa watu alikwenda hadi Buger kuomba radhi. Lakini mtihani ulikuwa umepita, na mimi nilikuwa nimefaulu.

Mwaka huu wa sabini na tano nimemaliza chuo kikuu. Niliporudi nyumbani nilimkuta Marselina sokoni akiuza maharage, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba msamaha kwa miaka, nikayasahau yote, nikaanza kumweleza habari za mvua na sweta. Alinisikiliza huku akitupimia maharage, mimi na wateja wengine.

"Mwalimu aliniuliza," akasema. "Baba aliniuliza, fimbo mkononi. Hata Mzee Nassoro aliniuliza. Wewe tu, shoga, hukuniuliza."

Kisha akacheka, akaniongezea kopo zima la maharage. Sijui kama ule ulikuwa msamaha. Nimelifikiria kopo lile wiki nzima.

Tunapenda kuwacheka vijana wa sasa, redio begani, wanasalimiana kwa neno moja na kupita. Enzi zetu, tunajisifu, ukikutana na mtu ulimuuliza ya nyumbani, ya mvua, ya mahindi, ya ndama wa juzi, mpaka kivuli kihame. Ni kweli kabisa. Asubuhi ile ya Jumatatu, kabla jina halijafutwa, nilikutana na Marselina njiani. Nilimuuliza habari za nyumbani, za mama yake, za ng'ombe wao mwenye mimba. Alijibu kwamba zote ni nzuri, kisha akabaki amesimama, akinitazama, akingoja. Kengele ikalia, nikakimbia.