Mkwe Juu ya Paa

Tusajigwe Mwasomola alifunga ndoa katika kanisa dogo la Igawilo, nje ya mji wa Mbeya, Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1948. Tangu siku hiyo hajautazama uso wa baba mkwe wake.

Hakuna ugomvi kati yao. Kwa Wanyakyusa mke humwogopa baba wa mumewe, na kuogopa huko ndiyo heshima yenyewe. Hamtazami, hasemi naye, hataji jina lake, haingii nyumba aliyomo. Akisikia anakuja, humpisha. Mzee naye ana wajibu wake: hukohoa afikapo kona ya njia, na kizingiti cha mkwewe hakivuki. Kule Rungwe walikotoka wazee, vijana walijenga vijiji vyao mbali na baba zao, kwa hiyo jambo hili halikumsumbua mtu. Igawilo ardhi ni finyu. Nyumba ya Anania, baba mkwe, ilikuwa upande wa pili wa migomba ya Tusajigwe, karibu kiasi cha kusikia mtu akipiga chafya. Waliishi hivyo miaka tisa, na kwa miaka hiyo yote Tusajigwe alimjua mzee kwa vitu viwili, kikohozi chake na miguu yake.

Mumewe, Asukile, alikuwa akifanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, na hakuwapo nyumba ilipoungua.

Moto ulitoka milimani. Mwezi wa Oktoba watu huchoma mashamba kabla ya mvua, na mwaka 1957 upepo ulikuwa mkali. Tusajigwe alikuwa akilima bondeni na watoto wake wawili wakubwa. Mdogo, Lugano, aliyekuwa bado hajafikisha miaka mitatu, alikuwa amelala ndani, na Yudith, mjane wa jirani, alikuwa amekubali kumsikilizia akiamka. Cheche zilivuka njia zikatua kwenye nyasi za paa. Yudith alipiga yowe. Tusajigwe alitupa jembe akapanda kilima mbio, na alipofika uani mlango ulikuwa umeshika moto.

Katika mlango huo akatoka Anania na mtoto kifuani.

Tusajigwe hakufikiri. Mwili ulifikiri kwa niaba yake. Alivuta kanga kichwani, akageuza uso kwenye migomba. Alichoona ni miguu tu, miguu ile aliyoijua, na majivu juu ya vidole. Miguu ikasimama. Lugano akawekwa chini taratibu, akilia kwa nguvu, kilio cha mtoto aliye mzima. Kisha miguu ikaondoka kupitia migombani. Mzee alikuwa amevuka kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua hadi kiwiko, na mkwewe hakumwambia hata neno moja.

Nyumba iliteketea yote. Sufuria, nguo, vitanda, mbegu za maharage zilizoning'inizwa juu ya moshi, vyote vikawa majivu.

Yudith aliwachukua kwake jioni ile ile. Majirani hawakungoja kuombwa. Walileta unga, viazi, mkeka, kisu, chungu kilichovunjika mdomo. Wanaume walikata mianzi mtoni wakasimamisha kuta kabla ya juma kwisha. Dereva wa lori alipewa neno alipeleke Makongolosi, akarudi na jibu kwamba Asukile atapewa ruhusa, ila si sasa.

Tatizo lilikuwa nyasi. Moto uleule uliochoma nyumba ulikuwa umechoma vilima vyote, na nyasi za kuezekea zisingepatikana tena mpaka mwaka unaofuata. Basi kila nyumba ikatoa mzigo wake, ule iliouweka kwa kuziba matundu ya paa lake yenyewe. Mizigo ilirundikwa uani kwa Yudith, na Tusajigwe, kila alipoitazama, alijua ni paa la nani litakalovuja kwa ajili yake.

"Kula," Yudith alimwambia. "Unazitazama nyasi kana kwamba wewe ni ng'ombe."

"Sijui nitawalipa nini."

"Nani kakudai? Mimi nakudai usingizi. Lugano wako ananipiga teke mbavuni usiku kucha."

Shukrani kwa majirani zilikuwa rahisi. Tusajigwe alikwenda mlango hadi mlango, akapiga goti, akasema ndaga fijo, asante sana, akaitikiwa. Mlango mmoja tu ulimshinda. Alipika ndizi kwa maziwa, akampa Yudith azipeleke ng'ambo ya migomba, akangoja jikoni akisugua chungu kilichokwisha kuwa safi.

"Amekula?"

"Amemaliza."

"Hakusema kitu?"

"Amesema chumvi imezidi."

Tusajigwe alicheka, kisha akafuta macho kwa pindo la kanga. Chakula angempikia hata kama asingemwokolea mtoto. Chakula hakikuwa neno.

Jumamosi alikwenda mjini kwa Mulji, mwenye duka aliyezoea kununua maharage yake, kumweleza kwamba mwaka huu hana. Mulji alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia nyuma, akatoka na mablanketi mawili, sufuria, na bunda kubwa la kamba nyembamba ya katani.

"Blanketi ya watoto. Kamba ya nyumba," alisema. "Nani ataezeka?"

Tusajigwe alieleza kwamba fundi ni baba wa mumewe. Alijifunza ujanani, alipojenga na wamisionari, kuezeka kwa kushona nyasi kwa sindano ya mti, na paa lake halichukuliwi na upepo. Ila kazi ingekwenda polepole, kwa sababu yeye akiwapo mzee hafiki, na mzee akiwapo yeye hakai. Alitarajia Mulji acheke. Watu wa mjini hucheka.

Mulji hakucheka. "Mama yangu kule kwetu Porbandar, ng'ambo ya bahari, alifunika uso mbele ya babu mpaka babu alikufa. Nyumba moja, mama. Jiko moja."

"Alisemaje naye basi?"

"Alisema na mlango. 'Ewe mlango, chakula tayari.' Babu anasikia, anakuja kula. Mlango hakuja hata siku moja." Akasukuma mzigo mbele ya meza. "Chukua. Mwakani leta maharage. Yale mekundu, si yale ya mwisho yenye mawe."

Kazi ya paa ikaanza. Asubuhi ilikuwa ya Anania na jioni ya Tusajigwe. Mzee alikohoa kwenye kona, Tusajigwe akachukua jembe akaenda bondeni. Jua lilipoinama mzee alishuka, akakohoa tena, akaondoka; ndipo Tusajigwe alipokuja na ndoo ya udongo kukandika kuta kwa ndani.

Kushona paa kunahitaji watu wawili. Fundi hukaa juu. Hutandika nyasi, huchoma sindano ndefu yenye uzi hadi ndani. Aliyeko chini huuchomoa uzi, huuzungusha kwenye ufito, huurudisha kwenye tundu la sindano, na fundi huivuta na kukaza. Wa chini alikuwa Ezekia, jirani mwenye maneno mengi.

"Mzee, sindano hiyo! Unataka kuniezeka na mimi?"

"Nyamaza, vuta."

"Nimevuta. Jicho langu je?"

"Unalo la pili."

Tusajigwe aliyasikia hayo akiwa bondeni, na watoto wake waliyaiga. Jioni, akiwa peke yake ndani, alipitisha vidole kwenye mishono. Aliona uzi unavyopita juu ya ufito kisha chini yake, na mahali Ezekia alipozungusha kwa haraka kamba ikalegea. Hapo aliifungua akaifunga upya. Hakumwambia mtu.

Jumamosi tarehe 9 Novemba upande mmoja wa paa ulikuwa umeshonwa. Upande wa pili nyasi zilikuwa zimetandikwa zote, zimezuiliwa kwa fito chache tu, zikingoja uzi. Asubuhi hiyo Ezekia alikwenda barabarani kumpokea dada yake aliyekuwa anakuja na basi kutoka Iringa. Alisema atarudi kabla ya jua kusimama utosini. Basi liliharibika njiani. Wanaume wengine walikuwa mashambani wakiwahi kupanda, kwa maana kila mtu alikuwa amekwisha kuliona wingu la mvua.

Lilitoka upande wa milima ya Uporoto, jeusi chini na jeupe juu, na upepo ukalitangulia. Anania alikuwa juu ya paa peke yake. Kila aliyeiona nyumba ile alijua kitakachotokea. Upepo ukiingia chini ya nyasi zisizoshonwa, utazibeba zote, na hakuna kilima chenye nyingine. Watoto watatu wangekaa masika yote kwenye chumba cha Yudith, na nyumba tisa zilizotoa nyasi zingekuwa zimevuja bure.

Yudith aliingia ndani kushika uzi. Macho yake yalikuwa na ukungu wa utu uzima, akaupitisha upande usio wake. Mshono ukafyatuka.

"Ezekia!" Anania akafoka kutoka juu. "Umelewa?"

"Ezekia yuko barabarani!" Yudith akajibu. "Huku chini ni bibi kizee!"

"Basi toka, utanipotezea nyasi!"

Yudith akatoka. Tusajigwe, aliyepanda kutoka bondeni alipoliona wingu, alikuwa amesimama nyuma ya ghala, mahali pa kujificha, na kanga yake ikipepea.

"Mwenzangu," Yudith akasema kwa sauti ya chini, "mimi nimeshindwa."

Tusajigwe alilitazama wingu, akautazama mlango. "Yule aliye juu ya nyumba," aliuliza, "yuko ndani ya nyumba?"

Yudith akafikiri. "Juu ni juu."

"Na nyasi si zinaficha?"

"Zinaficha. Ndiyo kazi yake."

Tusajigwe alifunika kichwa hadi kwenye nyusi, akaingia. Alisimama chini ya upande usioshonwa, mgongo kwa mlango, akagonga ufito kwa kijiti mara moja. Kisha sindano ikashuka mbele ya uso wake. Akachomoa uzi, akauzungusha juu na chini, akaurudisha kwenye tundu. Sindano ikapanda. Uzi ukakaza, ukashika.

Sindano haikushuka tena upesi. Juu, mzee alikuwa ameshika mshono ambao haukuwa wa Yudith wala wa Ezekia, na hakuna aliyekuwa akipiga maneno huko chini. Tusajigwe alingoja. Mzee akiteremka sasa, basi. Heshima imevunjika na paa limekwenda. Alihesabu pumzi zake mwenyewe.

Sindano ikashuka, kidogo kulia, mahali hasa palipofuata.

Walifanya kazi hivyo, pasipo neno. Aligonga, sindano ikaja; akarudisha, uzi ukakazwa. Upepo ulipoinua kingo za nyasi, uzani wa mzee ulisogea upande huo juu ya fito. Ilipobaki mistari miwili matone ya kwanza yaligonga migomba. Yudith alikaa kizingitini, akiwa amempakata Lugano, akitazama mvua kana kwamba hakuna kitu kingine cha kutazama.

Mshono wa mwisho ulipokazwa, Tusajigwe hakuondoka. Aliweka kiganja kwenye nguzo ya katikati, ile inayobeba paa zima.

"Wewe nguzo," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua, kwa sababu hakuwahi kuipandisha mahali mzee alipoweza kuisikia. "Kuna mtu aliingia motoni kunitolea mtoto. Mimi niligeuza uso, sikusema kitu. Mwambie nilimwona miguu. Mwambie mkono wake ninaufikiria kila siku ninapowasha jiko. Mwambie, ndaga fijo."

Mvua ilikuwa inaanza kulia juu ya nyasi. Yudith akaacha kumbembeleza mtoto.

Kisha kikohozi. Kisha sauti ya mzee, ikielekezwa kwenye nyasi alizokalia.

"Ninyi nyasi, mwambieni huyo mwenye nguzo kwamba mkono unapona. Mwambieni yule mtoto ni wangu pia, sikumtolea mtu." Akakohoa tena. "Na mwambieni kwamba mishono ya jioni niliiona tangu juzi. Nilidhani Ezekia ameokoka."

Yudith alicheka mpaka Lugano naye akacheka bila kujua sababu. Tusajigwe alitoka kwa mlango, akazunguka nyuma ya ghala, akakaa hapo mpaka aliposikia miguu inashuka ngazi na kupita migombani kwenye mvua. Hakuitazama safari hii. Aliifahamu vya kutosha.

Ezekia alifika jioni, ameloa, na dada yake na kikapu cha nyanya za Ilula. Alisimama katikati ya nyumba akainua uso, akatafuta mahali panapovuja, akakosa.

Kazi iliyobaki ni jiko. Asukile anatazamiwa kutoka Makongolosi mwisho wa mwezi, lakini jiko halitamngoja. Anania ataanza kuliezeka Jumatatu kwa majani makavu ya migomba, na Ezekia amekwisha kuambiwa kwamba asisumbuke kuja, uzi una mtu wake.