Mume kaondoka, njiwa wamebaki: mpishi wa shule aliyeipigania nyumba yake

Saa tano na dakika arobaini, na katika jiko la shule ya msingi ya Aldersley, kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, hakuna aliyesimama bure. Lorna Hepworth anatoa trei ya tatu ya matufaha ya kuoka, anaufunga mlango wa oveni kwa goti, na bila kugeuka anamwambia mwenzake akoroge kastadi isishike chini. Baada ya dakika ishirini watoto mia moja na arobaini watajipanga mbele yake.

"Leo hakuna njegere, eh?" anauliza wa kwanza kwenye foleni, kwa matumaini makubwa.

"Zipo, mwanangu. Ulidhani ningekusahau?" anajibu Lorna, na kumwekea kijiko kizima.

Lorna ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mpishi msaidizi hapa, saa ishirini na mbili kwa wiki, na kicheko chake husikika mpaka uwanjani. Ukimwona huwezi kuamini kwamba miezi sita iliyopita nusura apoteze nyumba, na chanzo cha yote kilikuwa njiwa.

Mumewe, Clive, aliondoka Januari baada ya ndoa ya miaka ishirini na mmoja. Hapakuwa na mwanamke mwingine wala sahani zilizovunjwa. Walikuwa wamechokana tu, kila mmoja akijua sentensi ya mwenzake kabla hajaimaliza. Clive akabeba nguo zake kwenye mifuko miwili, akahamia kwa dada yake, maili sita kutoka hapo.

"Siku yangu ya kuzaliwa aliisahau miaka mitatu mfululizo," anasema Lorna. "Lakini njiwa wake muulize yeyote. Atakutajia siku aliyoanguliwa, namba ya pete yake, na mama yake alikuwa nani."

Njiwa hao wa mashindano, wale wanaofunguliwa mbali ili washindane kurudi nyumbani, walikuwa arobaini na wawili, na hawakuhamishika. Njiwa aliyekwisha kuzoea kuruka kutoka banda moja hurudi hapohapo, umfungie mwezi au mwaka. Clive alijaribu. Aliwachukua kumi, akawafungia kwa dada yake wiki tatu, akawalisha vizuri, kisha akawafungulia. Alipofika Aldersley na gari lake kuwatafuta, wote kumi walikuwa juu ya paa la banda lao la zamani, nyuma ya nyumba ya Lorna.

Kwa hiyo Clive akawa anakuja yeye. Asubuhi kabla ya zamu yake ghalani, na saa kumi jioni baada ya zamu. Jumamosi, siku ya mashindano, anakaa kwenye kiti cha kukunja mchana kutwa akitazama mbingu.

Wakati huo Lorna alikuwa akitazama barua za benki. Mkopo wa nyumba ulidai pauni mia nne na thelathini kila mwezi, na mshahara wake ni kama pauni mia tisa. Clive alikuwa akitoa pesa za matunzo ya mtoto wao, Keeley, mwenye miaka kumi na mitatu, lakini fungu lake la mkopo hakuwa nalo tena. Lorna alilipa mwezi wa kwanza, akalipa wa pili. Wa tatu ulipofika alilipa nusu, akaketi kwenye ngazi akalia.

"Nililia dakika kumi kamili," anasema. "Kisha Keeley akarudi kutoka shule, na mtoto akirudi lazima ale."

Tayari alikuwa akipata msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Akaambiwa kwamba mtu wa aina yake, baada ya miezi mitatu ya kupokea msaada huo, anaweza kuomba alipiwe riba ya mkopo wa nyumba. Fedha hizo si sadaka. Ni deni, linawekwa juu ya nyumba, na litalipwa siku nyumba itakapouzwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na Lorna alilijua hilo. Lakini bila msaada huo benki ingechukua nyumba yenyewe.

Akajaza fomu. Palikuwa na swali: je, mwenzi wako wa zamani huja nyumbani, na mara ngapi? Lorna, aliyelelewa kusema kweli, akaandika: "Kila siku, mara mbili. Jumamosi anashinda hapa."

Njiwa hakuwataja. Aldersley nzima inajua mwanamume akiingia ua wa nyuma mara mbili kwa siku amefuata nini, na Lorna hakuwaza kwamba kuna mtu duniani asiyejua. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ila ofisi ina mapenzi yake. Majibu yakaja: ombi limesimamishwa, kwa kuwa inaonekana Bi Hepworth na Bw. Hepworth bado wanaishi kama mke na mume.

"Nilisoma barua ile mara nne," anasema. "Miaka mitano ya mwisho ya ndoa hatukuishi kama mke na mume. Ndiyo leo ofisi inatuunganisha?"

Rafiki wa kwanza kumsaidia alikuwa Enid Sykes, mwenye miaka sabini na tisa, katibu wa klabu ya njiwa ya kijiji. Enid akaandika barua kwa mkono. Ilisema njiwa arobaini na wawili wameandikishwa kwenye banda lililo nyuma ya nyumba ya Lorna na hawawezi kuhamishwa. Akaongeza: "Bw. Hepworth huwafuata njiwa. Sijawahi kumwona akimfuata mtu mwingine yeyote, hata kwenye harusi yake."

Mei, afisa akaja kuona kwa macho yake. Alikuwa mwanamke mpole kutoka Leeds, na viatu vyake havikuwa vya kukanyagia ua ule. Akaketi jikoni, akauliza maswali yake kwa utaratibu.

"Huwa unampikia Bw. Hepworth?"

"Namwekea chai dirishani."

"Kwa nini?"

"Dada yangu, hata fundi bomba akija namtilia chai. Nimnyime huyu kwa sababu tu niliwahi kuolewa naye?"

Saa kumi ikafika, lango la nyuma likalia. Clive akapita mbele ya dirisha bila kugeuza kichwa, akafungua banda, akaita kwa sauti ambayo Lorna anaapa hajawahi kuitiwa yeye: "Hamjambo, warembo wangu? Mmenikumbuka leo?"

Kalamu ya afisa ikasimama. Akamtazama Lorna.

"Siyo mimi, mwaya," akasema Lorna. "Hao ni wale wenye mabawa."

Clive alikaa bandani dakika arobaini, akanywa chai yake akiwa amesimama, akaondoka kwa lango lilelile. Mlango wa jikoni hakuugusa. Afisa akaomba kuliona banda, akaelezwa kwamba wafugaji humtenga dume na jike wake kabla ya mashindano, ili dume arudi nyumbani mbio.

"Na inafanya kazi?" akauliza.

"Kwa njiwa, ndiyo," akajibu Lorna.

Wiki mbili baadaye kizuizi kikaondolewa. Lakini kikabaki kigingi kimoja, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Nyumba ina majina mawili, na deni haliwezi kuwekwa juu yake bila sahihi ya wote wawili. Clive aliipokea karatasi uani, akaisoma akiwa na mkebe wa mahindi mkononi, akairudisha.

"Nitie sahihi deni la nyumba nisiyolala? Ninaonekana mjinga kiasi hicho?"

"Sawa, Clive. Basi tuiuze. Mnunuzi akitaka kuegesha gari hapo palipo banda, wewe ndiye utakayewaeleza njiwa."

Njiwa mmoja mweupe alikuwa begani mwa Clive. Kwa mujibu wa Lorna, mtu yule aligeuka rangi akawa kama njiwa wake.

"Una kalamu?" akauliza.

Nilipomuuliza Clive mwenyewe, hakukana. "Wangerudi wapi?" alisema. "Wangezunguka angani mpaka wachoke. Na Lorna naye angekwenda wapi, na mtoto? Nilipaswa kufikiri hilo la pili kwanza. Andika hivyo."

Sasa serikali inalipa benki pauni mia moja na themanini na kitu kila mwezi kwa ajili ya riba, na benki imekubali kumpunguzia Lorna malipo yaliyobaki kwa mwaka mmoja. Mwaka huo hataki uishe bure. Tangu Septemba, kila Jumanne jioni, anasomea cheti cha upishi mkuu. Mpishi mkuu wa shule anastaafu majira ya joto, na mwalimu mkuu ameshamwambia aombe nafasi hiyo.

"Mshahara wa mpishi mkuu ndio ambao benki walisema unatosha kuandika mkopo kwa jina moja," anasema, akifuta meza ya chuma baada ya mtoto wa mwisho kuondoka. "Clive ameshakubali. Banda libaki, njiwa wazeeke kwa amani, jina lake litoke."

Anakamua kitambaa, anakining'iniza juu ya bomba.

"Sitaki mengi, ndugu yangu. Nataka siku moja ije barua kutoka benki, jina langu tu juu yake, nami niifungue nikiwa nimesimama."