Barua za Kompyuta ya Tatu

Abdeali alikuwa fundi wa redio, ghorofani pale Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwaka wa tisini na tisa redio za kutengeneza zilipungua, akaingia kwenye kompyuta. Alikuwa nayo moja tu, lakini ndani yake, kwa programu mpya, aliumba nyingine nne zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Alizitumia kujaribu njia ya kupeleka barua bila mwandishi kujulikana. Barua huingia kwenye ile ya kwanza, ikavuliwa jina na saa, ikapita hadi ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mambo. Huweka barua tano tumboni, ikizichanganya. Ukiitia moja hukutolea moja, yoyote ile. Nazo zina kufuli, hazisomeki mpaka zitoke.

Mwezi wa Juni mkewe, Naqiya, alimsaidia kujaribu, akiandika huku akicheka. Abdeali akailaza ile ya tatu, yaani akaisimamisha vile vile ilivyo, na barua tano za Naqiya tumboni. Akaisahau. Septemba Naqiya akafa kwa homa ya siku nne.

Disemba, baada ya adhuhuri, akaiamsha. Saa yake ilisoma Juni bado. Akatia barua ya majaribio, ikatoka nyingine: "Mchele nimeosha. Usichelewe kushuka."

Abdeali aligeuka akatazama ngazi. Alijua jikoni hakuna mtu. Hata hivyo alisimama akasikiliza kama maji yanamwagika.

Dadake, Fatema, alipanda na chai, akaisoma, akakiweka kikombe mezani, akarudi ngazini. Akasema aliyezikwa hasemeshwi.

"Ifute, bhai."

"Na zilizomo?"

"Zilizomo si zako."

Akamjibu kwamba hamsemeshi mtu, anatoa barua za mkewe tu, zimebaki nne. Akatia upesi upesi, neno lolote lililomjia: nipo, haya, ni mimi. Zikarudi zake mwenyewe, lakini si zote. Ikatoka ya Naqiya, akimcheka kwa miwani yake. Akatia, ikatoka nyingine, bizari imekwisha. Sasa zake zimebaki mbili. Akatia tena, ikatoka: "Ni mimi."

Watu wa Mji wa Kale ukiwauliza mlangoni ni nani, hujibu hivyo hivyo bila jina, wakitegemea utaijua sauti. Naqiya hakuwa na jibu jingine maisha yake yote. Na Abdeali naye alikuwa ameliandika sasa hivi, bila kufikiri. Hapa hapakuwa na sauti. Saa imevuliwa, jina limevuliwa. Aliyatazama yale maneno mpaka alasiri ikaadhiniwa. Jaribio lilikuwa limefaulu kabisa.

"Hiyo ya nani?" Fatema akauliza kutoka ngazini, hataki kukaribia.

Abdeali akaondoa mikono mezani, akaifumbata mapajani.

"Sijui, dada," akasema.