Mililita Ishirini za Mama Chupa

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Chupa, naye hakulikataa, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameosha chupa na bilauri za maabara ya shule moja ya sekondari, na kuzipanga kabatini kwa kimo kama watoto wanaopigwa picha. Aliajiriwa kufagia. Mwaka wa pili mwalimu wa kemia, mtu mrefu mwenye haraka zisizoisha, alimwona anashika vyombo kwa adabu kuliko wanafunzi wake, akaanza kumwachia kazi ya kuandaa myeyusho. Tangu hapo mwalimu akawa anaandika kikaratasi asubuhi, anakibandika mlangoni, anakwenda zake darasani. Akirudi anakuta kila kitu kipo mezani na lebo yake.

Kwenye karatasi za ofisi, hata hivyo, Mama Chupa alibaki mfagizi. Kila alipoomba atambuliwe kama fundi wa maabara aliambiwa neno lile lile: lete cheti. Cheti hutolewa kwa mtihani wa vitendo, na mtihani wenyewe mtu anaruhusiwa kuufanya mara tatu tu maishani. Yeye alikuwa ameshaanguka mara mbili.

Mara ya kwanza aliangushwa na kloridi ya kalsiamu. Chumvi hiyo ikiyeyuka majini, kila ayoni moja ya kalsiamu huachana na ayoni mbili za kloridi, na yeye alikokotoa kana kwamba kloridi nayo ni moja tu. Mara ya pili hesabu aliijua yote, ila alitetemeka mpaka akavunja pipeti mbili. Mumewe, fundi viatu mwenye maneno mengi, alimfariji kwa namna yake.

"Mke wangu, mteja mmoja akiniletea viatu, nashona soli ngapi?"

"Mbili."

"Basi hiyo kalsiamu yako ndiyo mteja, kloridi ndiyo soli. Mbona rahisi tu? Wanakusumbua bure hao."

Alicheka, na hakusahau tena. Kwa miaka miwili saa yake ya chakula cha mchana ilikwisha kwenye hesabu, mwalimu wa kemia akiwa upande wa pili wa meza anasahihisha kwa kalamu nyekundu huku anatafuna. Mwalimu huyo hakumdai chochote wala hakuchoka naye, na hilo Mama Chupa alilijua. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Akiulizwa kama safari hii atakipata cheti, alijibu "nitakipata" kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya juma.

Mtihani wa tatu uliangukia katika maabara yake mwenyewe, pamoja na watahiniwa wengine kumi na wanne, watu wazima waliotoka kwenye maabara za huku na huko. Kwa kuwa naye alikuwa mtahiniwa, alipigwa marufuku kukanyaga humo siku mbili kabla. Ikabidi myeyusho uandaliwe na mwalimu mwenyewe kwa mikono yake, kazi ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka kumi na saba.

Swali lilikuwa hili: mililita 50 za kloridi ya kalsiamu, yenye moli 0.3 kwa lita, zimezimuliwa kwa maji hadi kufikia mililita 250. Kokotoa ukolezi wa ayoni za kloridi, kisha pima uthibitishe. Mama Chupa alitabasamu. 0.3 mara 50, gawanya kwa 250, unapata 0.06. Zidisha mara mbili, 0.12. Kwa hiyo mililita 20 za myeyusho ule zingehitaji mililita 24 za nitrati ya fedha waliyopewa, yenye moli 0.1 kwa lita, ndipo rangi igeuke kutoka njano kuwa ya matofali.

Rangi iligeuka kwenye ishirini.

Akasuuza vyombo, akarudia. Ishirini. Akarudia tena, tone kwa tone, pumzi ameibana. Ishirini na nukta moja. Kwenye meza nyingine kalamu zilikuwa zinakimbia, na mtu hakuhitaji kuchungulia kujua zinaandika ngapi, maana ishirini na nne kila mmoja alikuwa nayo tayari kwenye hesabu yake.

Aliweka kalamu chini, akaipitia hesabu kinyumenyume, hatua kwa hatua. Kama ni ishirini, basi kloridi ni 0.10 na kalsiamu ni 0.05. Hapo ujazo wote si 250. Ni 300. Hamsini na mia mbili hamsini.

Ndipo moyo ulipomshuka, kwa sababu aliijua hesabu hiyo inatoka mkono wa nani. Vikaratasi vya mlangoni viliandikwa hivyo siku zote: "50, maji 250." Yeye alikuwa anamimina ile hamsini kwenye chupa yenye mstari shingoni, anajaza maji mpaka mstarini, basi. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kupima maji mia mbili hamsini pembeni na kuyamwaga yote juu. Mwalimu alikuwa ametii kikaratasi chake neno kwa neno.

Akiandika 24, atafanana na wenzake na hakuna atakayeumbuka. Akiandika 20, anajitia kitanzi kwenye nafasi yake ya mwisho, na anamwanika mtu aliyemfundisha bure. Alikaa dakika nzima akiichukia ile chupa. Kisha akaandika: "Nimepata 20. Maji yaliongezwa 250 badala ya kujazwa hadi 250. Kloridi ni 0.10."

Mkaguzi, mzee wa miwani minene, alipitia karatasi palepale. Alipofika kwake akasimama.

"Mama, wenzako wote wana ishirini na nne. Muda bado upo. Hutaki kurekebisha?"

"Sitaki, mzee. Wao wameandika hesabu. Mimi nimeandika kilichomo humu ndani."

"Unajua hii ni mara yako ya tatu?"

"Najua."

Mkaguzi akamwita mwalimu aliyekuwa nje mlangoni, akamuuliza mbele ya watu wote ameuandaa vipi myeyusho. Mwalimu alisoma karatasi ya Mama Chupa taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

"Nilipima maji mia mbili hamsini, nikayamimina juu ya hamsini," alisema. "Amepatia. Nimekosea mimi, na nitaandika hivyo kwa mkono wangu."

Halafu akamgeukia Mama Chupa. "Miaka yote hii ulikuwa unajaza mpaka mstarini?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona hukuniambia naandika vibaya?"

"Nilidhani unajua."

"Sikujua," alisema mwalimu. "Nilidhani myeyusho unatoka sawa kwa sababu ya vikaratasi vyangu."

Mkaguzi aliwataka wale kumi na wanne waanze upya, na safari hii waandike wanachokiona. Karatasi ya Mama Chupa aliigonga muhuri, akampa. Mama Chupa alilisoma neno la muhuri mara tatu, "amefaulu", akalia mbele yao wote, wala hakujificha uso.